Kiti cha Nesi wa Pili

Ilianza Jumamosi moja ya mwezi Aprili, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimekaa chini yake: ile saa ndogo ya kifuani ambayo Mama, akirudi kutoka kazini, aliibandua kwenye gauni lake jeupe na kuitundika kwenye msumari juu ya meza yangu. Ilining'inia kichwa chini kama popo, nami nilikwisha kuzoea kusoma majira kwa kupinda shingo. Nilikuwa kidato cha tatu. Mvua ilikuwa imekatika kwa mara ya kwanza wiki ile, Kariakoo nzima inanuka matope na vitunguu vilivyoloa, na mimi nilikuwa katikati ya hesabu ambayo hadi leo sijui jibu lake. Mama akasimama mlangoni, akasema bila kunitazama usoni, "Mwaju, niazime kiti chako." Nikasimama. Akakibeba. Hesabu nikaiendeleza kitandani, daftari juu ya mapaja, na kuanzia saa ile mwaka wangu wote ukapinda.

Nayaandika haya siku chache baada ya arobaini ya Mama. Siku ya arobaini, wanawake wakiwa wanapakua pilau uani, aliingia bibi mmoja mrefu, mkongojo mkononi, rozari shingoni, watu wakampisha wasijue ni nani. Akaja kukaa mkekani kando yangu, taratibu, magoti yakimlalamikia. Hakunipa pole. Alinishika kifundo cha mkono, vidole viwili juu ya mshipa, akanyamaza kama manesi wanavyonyamaza wakiwa wanahesabu, kisha akaniuliza, "Ulipata kiti kingine, mdogo wangu?" Nikacheka, pale pale msibani, shangazi zangu wakanikodolea macho. Halafu nikalia, na kilikuwa ndicho kilio changu cha kwanza tangu Mama afumbe macho. Wengi walidhani namlilia Mama peke yake. Nilikuwa namlilia Mama, ndiyo, lakini nilikuwa pia na miaka kumi na sita, nimejaa wivu mpaka shingoni, na huyu bibi aliyenishika mkono ndiye niliyekuwa namwonea wivu huo.

Kiti chenyewe kilikuwa cha mninga, kazi ya fundi wa Gerezani, mguu mmoja umefungwa kamba ya katani. Tulikuwa na vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili, na ukuta kati ya chumba cha mbele na chetu cha kulala haukufika juu, uliishia njiani, kwa hiyo hakuna lililosemwa mbele lisilosikika nyuma. Mama alikuwa katibu wa tawi la chama cha wauguzi. Tawi halikuwa na ofisi. Ofisi ilikuwa sisi. Kila Jumamosi manesi walivua viatu ukumbini, vyeupe vyote, vimepangwa kama viatu vya msikitini, wakakaa juu ya mkeka, juu ya benchi la kuazima kwa Mama Nalini mwenye cherehani ng'ambo ya barabara, na wengine ukingoni mwa kitanda cha wageni. Mimi nilipika chai na kuipitisha bila kumtazama mtu. Nikiulizwa jambo nilijibu kwa kutikisa kichwa. Mama Kondo wa wodi ya wazazi, mnene, mwenye kicheko cha kupasua bati, alikuwa akisema, "Da' Hadija, huyu mwanao ulimzaa na ulimi au uliusahau leba?" Wanacheka, nami narudi nyuma ya ukuta kuandika yote katika daftari langu la shajara, hasira kwanza, habari baadaye.

Jumamosi ile nilidhani kiti kimechukuliwa kwa ajili ya mgeni, maana mgeni alikuwepo kweli: msichana mrefu aliyeingia na sanduku la bati, matope mpaka magotini, macho mekundu. Alikuwa mtu wa Masasi, anaitwa Sabina, nesi wa wodi ya watoto, si zaidi ya miaka ishirini na miwili. Lakini mgeni alikalishwa kitandani. Nilichungulia pazia. Kiti changu kilikuwa kimewekwa mezani, sambamba na kile cha Mama, na hakuna aliyekikalia. Hata Mama Kondo, aliyekuwa akihema kwa joto, alikizunguka akaenda kukaa chini.

"Kabla hatujaanza," Mama alisema, "mtazameni huyu hapa kitini. Ni nesi wa pili wa wodi ya watoto, zamu ya usiku."

Wakakitazama kiti. Nje muuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake.

"Mwembamba jamani," akasema Mama Kondo. "Hali?"

"Hali, hanywi, hapokei mshahara," Mama akasema, "na kazi yake ameifanya Sabina. Sasa wanataka kumfukuza Sabina kwa sababu huyu hayupo. Kila kikao tutamwekea kiti mpaka aje."

Hivyo ndivyo nilivyopokonywa kiti na mtu asiyekuwepo. Kila Jumamosi alasiri, kwa miezi, kilibebwa kupelekwa mbele kikae kitupu, nami niliyekuwepo, mwenye mgongo na mitihani, nikakaa sakafuni.

Kilichompata Sabina nilikipata vipande vipande juu ya ukuta. Mvua ilikuwa imefurika Jangwani, maji yamekata njia, na nesi wa kumpokea aliishi Magomeni, basi halikuvuka. Kwa desturi yao nesi haachi wodi mpaka apokewe. Kwa hiyo Sabina aliyeingia mchana akaendelea usiku, peke yake, maana zamu ya usiku ilipangiwa nesi mmoja tu, wodi imejaa watoto wa kuhara kutoka mabondeni huko huko kulikofurika. Alfajiri Metroni alimkuta amelala sakafuni. Sindano ya dripu ya mtoto mmoja ilikuwa imechomoka, mkono umevimba kama andazi. Mtoto alipona, lakini baba yake alikuwa mtu wa kusikilizwa, na maneno "nesi alilala sakafuni" yakafika ofisini kabla ya jua kupanda. Akasimamishwa kazi. Na kwa kuwa chumba chake kilikuwa cha hospitali, kazi ikienda na chumba kinakwenda. Ndipo Mama akamleta kwetu.

Nilimpisha nusu ya kitanda changu. Alilala ukutani, bila kugeuka, kama mtu aliyeazimwa. Nisingekuwa na la kusema kama mambo yangeishia kitandani. Lakini kulikuwa na ukoko. Mama akipika wali, ukoko wa chini ya sufuria ulikuwa wangu tangu nina meno. Aliukwangua kwa upawa akanipa mkononi kabla hajapakua. Mwaka ule mchele ulikuwa wa kupangia foleni, wiki nyingi tulikula ugali wa unga wa njano ulionuka meli, kwa hiyo siku ya wali ilikuwa siku. Jumapili ya pili ya Sabina, Mama alikwangua ukoko, akauvunja vipande viwili, na kipande cha kwanza akampa yeye. Niliandika: "Leo amekula ukoko. Alisema mtamu." Halafu kulikuwa na kuitana. Watu wote walimwita Mama "Mama Mwaju", au "Da' Hadija", au "Sista". Sabina alimwita "Mama". Tupu, bila jina langu mbele. "Mama, nikakinge maji?" "Mama, shikamoo, umeamkaje?" Na Mama akajibu, "Marahaba mwanangu," kwa sauti ambayo mimi niliipata nikiwa na homa tu.

Wanga wa kofia nao ukaniponyoka. Kazi yangu ya Ijumaa ilikuwa kuchemsha wanga wa muhogo, kuichovya kofia ya Mama, kuianika juu ya sufuria iliyofunikwa isipinde, na kuipiga pasi ya mkaa mpaka isimame yenyewe. Nilikuwa hodari, pengine ndicho kitu pekee nilichokuwa hodari nacho ambacho watu walikiona, kwa kuwa kilitembea mjini juu ya kichwa cha Mama. Ijumaa moja nilirudi kutoka shule nikakuta kofia mbili juu ya meza, ya Sabina na ya Mama, zimekunjwa kwa mkunjo mpya, mkali kama wa karatasi. "Nimekupunguzia kazi, mdogo wangu," Sabina akasema. Alimaanisha wema. Nilijua anamaanisha wema, na hilo ndilo lililoniudhi, kwa sababu ningepata wapi pa kuanzia ugomvi?

Jioni walikuwa wakikaa chumba cha mbele wakijiandaa kwa kikao cha nidhamu. Mama anajifanya Mganga Mkuu wa hospitali, anakunja uso, anauliza, Sabina anajibu. "Usiseme nilichoka," Mama anamsahihisha. "Kila mtu amechoka nchi hii. Sema ulikuwa na watoto wangapi, na mikono mingapi." Mama hakuwahi kukaa nami hivyo kunisikiliza masomo. Niliwasikiliza kupitia juu ya ukuta, penseli kinywani, na wakati mwingine nilijijibia mimi yale maswali, kimya kimya, vizuri kuliko Sabina, nikitamani nami ningekuwa nimefanya kosa kubwa.

Jumapili moja chama kilishuka Jangwani. Maji yalikuwa yameondoka yakaacha vyoo vimebomoka na visima vyenye rangi ya chai, na kuhara kulikuwa bado kunaendelea. Mama alikuwa na msemo wake kwamba ukimsubiri mgonjwa wodini umechelewa, kwa hiyo manesi walikwenda siku yao ya mapumziko, kwa miguu, na mimi nilibebeshwa jiko la mafuta ya taa na sufuria. Balozi wa nyumba kumi, mzee mmoja mwenye kofia ya kiua, akawakusanya wanawake penye bomba. Mama akasema maneno ya utangulizi, "Ndugu zangu," na kadhalika, kisha akampisha Sabina. Nilitegemea atababaika. Hakubabaika. Aliwaonyesha maji yanavyochemshwa mpaka yatokote sawasawa, siyo ule mvuke wa kwanza unaotudanganya. Akawaambia kuhusu kunawa, kuhusu maji yenye chumvi na sukari ya kumnywesha mtoto anayehara.

"Sukari!" mwanamke mmoja akaruka kutoka nyuma, mtoto mgongoni. "Ya chai sijaiona tangu mwezi mtukufu, ya kuharisha nitaitoa wapi? Dukani kwenu?"

Watu wakaangua kicheko. Sabina naye akacheka, akangoja watulie. "Dada, umesema kweli. Leo mpe uji mwepesi uliotiwa chumvi kidogo, usimwache akauke. Na hilo la sukari usinyamaze nalo. Balozi yupo, amesikia. Sisi chama chetu tutalipeleka: mama mwenye mtoto anayehara apate sukari kwenye duka la ushirika kabla ya foleni."

"Kabla ya foleni!" yule mwanamke akarudia, kama mtu anayeonja kitu. Na wakaanza kuuliza maswali, kwa dakika nyingi, mpaka mafuta ya jiko yakaisha. Mimi nilisimama nimeshika mfuniko. Tulipokuwa tunaondoka balozi akampa Mama mkono, akamtazama Sabina, akasema, "Sista, huyu binti yako amekurithi kabisa. Hata kusimama." Nilimtazama Mama. Nilingoja. Mama akasema, "Ahsante, balozi." Basi. Akainama kufunga kamba ya kiatu. Pengine alichoka, pengine alikuwa anafikiria sukari. Njia nzima ya kurudi nilibeba lile jiko la moto kwa mkono mtupu, sikulihamisha, ili nipate kidonda ambacho mtu angekiulizia. Sabina ndiye aliyekiulizia.

Sasa nimekuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na nimewahi kuonea wivu mambo mengi, ndoa za watu, nyumba za watu, lakini wivu wa mwaka ule ulikuwa na ladha yake, kwa sababu niliyekuwa namwonea hakuwa na kitu. Hakuwa na kazi. Hakuwa na chumba. Alikuwa na magauni mawili na lile sanduku. Kama kikao kingemwendea vibaya angefutwa uuguzi, arudi Masasi akalime korosho, na mafunzo yake ya miaka yaishe hivyo. Nililijua hilo kila siku na kila siku lilikosa nguvu mbele ya kipande cha ukoko.

Siku moja alasiri, nikiwa kitandani na homa kidogo ya malaria, nilimsikia anauliza upande wa pili wa ukuta, kwa sauti ya chini, "Mama, Mwaju ananichukia?"

"Mwaju?" Mama akasema. Alikuwa anashona, nilisikia uzi ukikatwa kwa meno. "Mwaju hana neno yule. Wewe si nesi? Mgonjwa mzito unamweka wapi?"

"Karibu na meza."

"Na anayepumua vizuri?"

"Mwisho wa wodi."

"Basi. Mwaju nimemweka mwisho wa wodi. Namwona nikiinua macho."

Nimelifikiria jibu lile maisha yangu yote. Wakati ule nilifunika uso kwa shuka na kujaribu kupumua vibaya.

Kikao kikapangwa. Siku moja kabla yake, Metroni alimwita Sabina akazungumze naye faragha. Metroni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wodi nyingi na watu wachache, na aliogopa makelele. Nyakati zile kugoma lilikuwa neno la kusemwa kwa kunong'ona, na chama hakikugoma. Kilibisha hodi, kikaandika, kikabisha hodi tena, lakini hata kubisha hodi kulikuwa na watu wa kukutazama na kukutia alama. Sabina aliporudi Mama alikuwa bado kazini. Nilikuwa uani nachagua mchele kwenye ungo. Akakaa kwenye kibao cha mbuzi karibu yangu, akaingiza vidole mcheleni, akaanza kutoa mawe.

"Metroni anasema nikiomba radhi yanaisha," akasema. "Niseme nililala kwa uzembe wangu, sitarudia. Wananipeleka idara ya wagonjwa wa nje, mchana tupu, hakuna usiku. Chumba changu narudishiwa kesho hiyo hiyo."

Nikatoa jiwe.

"Ila nikisema uzembe wangu, basi Mama na wenzake hawana tena la kudai. Itakuwa nesi mmoja anatosha, mwenye kasoro alikuwa mimi." Akanitazama. "Wewe ungefanyaje? Wote wananiambia wanalolitaka wao. Nakuuliza wewe, ambaye husemi."

Hakuna aliyewahi kuniuliza jambo kubwa hivyo. Na jibu lilikuwa tayari mdomoni, limekaa miezi. "Omba radhi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Ili uondoke."

Likatoka hivyo hivyo, kama jiwe kutoka mcheleni. Nilitaka ardhi inimeze. Sabina akacheka, kicheko cha mtu aliyeondolewa mzigo, akajifuta macho na kanga. "Afadhali wewe," akasema. "Tangu nifike hapa ndiyo mara ya kwanza naambiwa kitu bila kuhurumiwa." Akarudi kwenye mchele. Alizungumza akiendelea kuchagua, bila kuniangalia. "Wodi ina kiti kimoja. Usiku ule nilimpa mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha pacha, asingeweza kusimama. Watoto wangu wawili wazito walikuwa vitanda jirani. Kukaa kitandani kwa mgonjwa kwetu ni mwiko, unajua hivyo. Basi nikakaa chini, katikati, nikamshika huyu mkono kulia na yule mkono kushoto, hapa kwenye mshipa, ili yeyote akibadilika nihisi. Wala sikujua usingizi umeingia saa ngapi. Metroni aliponiamsha nilikuwa bado nimewashika."

Kuku wa jirani walikuja, tukawafukuza wote wawili kwa pamoja.

"Nikiomba radhi nitaondoka kweli kesho," akasema. "Lakini kiti chako hakitarudi, Mwaju. Wodi itabaki na nesi mmoja, siku moja naye atalala, na Mama yako atamleta hapa na sanduku lake. Utampisha kitanda na huyo. Na mwingine."

Nilitazama ungo. Nilikuwa mtoto wa shule, hesabu hazikuwa zikinipenda, lakini hii niliielewa. "Basi usiombe," nikasema. Ndilo lilikuwa baraza zima tulilofanya mimi na yeye. Mama aliporudi jioni hakuambiwa chochote. Aliukuta mchele mweupe, hauna hata jiwe moja, akatushuku.

Siku ya kikao nilikwenda shule na sikusikia somo hata moja. Niliporudi chumba cha mbele kilikuwa kimejaa, viatu vyeupe mpaka barabarani, Mama Nalini ameleta bakuli la bhajia na kusimama nalo mlangoni, naye anataka kusikia. Mama Kondo alikuwa katikati ya mkeka, anaigiza kikao chote peke yake.

"Mganga Mkuu kavuta miwani hivi. 'Binti, ulilala ama hukulala?' Mimi moyoni nasema, kana, mwanangu, kana! Huyu kasimama kama mlingoti: 'Nililala, bwana.' Yesu na Mariamu na Mtume wote wakatoka mle chumbani! Metroni kafumba macho. Halafu huyu anaendelea: 'Niliingia mchana, nikalala alfajiri ya siku ya pili. Mmeniuliza ile saa niliyolala. Naomba mniulize na zile nyingine zote, kwa sababu katika zile nyingine watoto wa wodi nzima walikuwa mikononi mwangu, na wote wako hai.'"

Chumba kikanguruma. Sabina alikuwa amejificha uso begani kwa Mama. Niliona hilo, na likanichoma, sisemi halikunichoma.

"Ngoja! Metroni kasema nesi wa pili hatuna. Ndipo Da' Hadija akanyanyuka. Hakupaza sauti. 'Wapo watatu, bwana. Wamesomea uuguzi kama sisi, nao wanapanga mafaili na kupiga mihuri chini ya ofisi hii tuliyokaa. Tukiteremka ngazi sasa hivi tutawakuta.' Mganga Mkuu katega sikio kuelekea sakafuni. Atasema nini, na mihuri tunaisikia, pa, pa, pa!"

Sabina alirudishwa kazini kwa onyo la mdomo. Mmoja wa wale watatu alipangiwa wodi ya watoto, usiku, kuanzia siku inayofuata. Wale wawili wengine, wodi nyingine, mambo yao yangefikiriwa. Ya sukari, Mama alisema, balozi alikwisha kuyapeleka kwa wakubwa wake na chama kingeyafuata. Haikuwa yote waliyodai. Mama alikuwa anaeleza hivyo, hatua kwa hatua, jinsi ya kurudi kubisha hodi, Mama Kondo akamkatiza:

"Hujawaambia ya mwisho! Tunatoka, Metroni katufuata mlangoni: 'Na huyo wa pili atakaa wapi? Wodi nzima ina kiti kimoja!'"

Wakacheka mpaka bhajia zikamwagika. Kisha wakaacha kucheka, mmoja mmoja, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Kiti kitapatikana," Mama akasema. Hakunitazama. Alikuwa mwangalifu sana asinitazame.

Walipoondoka, alikibeba kiti changu mwenyewe akakirudisha mezani kwangu. Alikipangusa kwa pembe ya kanga, mgongo, miguu, mpaka ile kamba ya katani. Akaitundika saa yake juu ya msumari. "Ahsante, Mwaju," akasema, na mkono wake ukakaa kichwani kwangu kwa muda, mzito, unanuka dettol na vitunguu. Nilikaa. Nilifungua hesabu. Sabina alikuwa anapanga sanduku lake upande wa pili wa kitanda, anaimba kwa Kimakua chao, na nilikuwa nimepata kila nilichokiandikia daftarini tangu Aprili: kiti, kitanda, kesho ukoko wote. Sikuandika kitu siku ile.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla yao, nikavaa sare ya shule, nikajitwika kiti kichwani, miguu juu. Mama Nalini alikuwa anafungua mlango wa duka. "Mwaju, unahama?" Nikamjibu, kwa sauti iliyonishangaza mwenyewe, "Mimi sihami. Kinahama kiti." Wapagazi wa sokoni wakanitania njia nzima, dada kaa basi tukubebe, nami sikuinamisha kichwa kwa sababu kichwa hakikuweza kuinama. Wodi ya watoto ilikuwa ndefu kuliko nilivyoifikiria. Metroni akasimama mbele yangu, akanitazama, akakitazama kiti. "Nani kakutuma?"

"Chama," nikasema.

Akanyoosha kidole karibu na meza, palipokuwa na dripu. Nikapapita. Nilikwenda mpaka mwisho wa wodi, penye watoto wanaopumua vizuri, nikakiweka pale, nikakikalia kwanza mimi kuona kama mguu umekaa imara. Mtoto wa kitanda cha mwisho, kipara kimetoka kunyolewa, akanitazama kwa muda mrefu, akaniambia nisogee, nimemkinga dirisha. Nikainuka, nikaenda shule.